Uso Nyuma ya Shuka

Mikono ilikuwa miwili, mikono ya mwanamke, nayo ilichomoza kwenye upindo wa shuka ikamshika mtoto kiunoni.

Gwamaka Mwambipile alisogeza kiti karibu na skrini. Picha hii aliijua tangu zamani. Mtoto wa pichani mwenyewe, Subilaga, sasa mwalimu wa hesabu aliyekaribia kustaafu, alikuwa amekwisha kuileta hapa studio mara kadhaa ili isafishwe: mtoto wa miezi minne, kichwa hakina nywele, macho yamemtoka kwa mshangao, na nyuma yake weupe mtupu. Ilikuwa picha ya pasipoti iliyopigwa kwa ajili ya kadi ya bima, zaidi ya nusu karne iliyopita. Lakini nakala ya Subilaga ilikuwa imekatwa mabegani. Leo alikuja na faili ghafi, picha kama kamera ilivyoiona kabla ya fundi yeyote kuigusa. Wajukuu wa mpiga picha wa zamani walikuwa wamelikuta ndani ya diski, walipokuwa wakibomoa nyumba ya babu yao.

"Hiyo mikono ya nani, kaka Gwamaka?" Subilaga aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Wewe umelea wanne. Mtoto wa miezi minne anakaa mwenyewe kwenye kiti?"

"Hakai."

"Basi. Bima walitaka mtoto awe peke yake, nyuma pawe peupe. Mpiga picha alikuwa akimkalisha mama kitini, anamfunika shuka jeupe gubigubi, halafu mtoto anawekwa mapajani. Mama anashika, haonekani. Kisha anakuja fundi kama mimi, anafuta vidole."

Subilaga aliutazama ule weupe aliokuwa nao ukutani maisha yake yote.

"Kwa hiyo hilo si pazia," alisema.

"Si pazia."

"Ni mama."

Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa imeanza, na kioo cha dirisha kikaanza kujifuta chenyewe matone, taratibu, kama mtu anayefuta machozi bila kutaka aonekane.

Jumamosi ya wiki ile ukoo ulikuwa unakutana kujenga upya makaburi ya nyumbani kwao. Kila kaburi lilikuwa na kigae chenye sura ya aliyelala pale. Kaburi la Lugano, mama yake Subilaga, lilikuwa na kigae kitupu. Lugano alikufa Subilaga akiwa na miezi sita, na hakukuwa na picha yake hata moja duniani. Za vitambulisho vya marehemu serikali huzifuta kwa sheria. Za nyumbani hazikuwapo, na Subilaga hakuwahi kuambiwa kwa nini.

"Unaweza kumfunua?" aliuliza.

Gwamaka alivuta kisanduku cheusi, kikubwa kama mkate, akakiweka mezani. Aliufuta mtambo ule kwa kitambaa kabla ya kuuwasha, jambo ambalo halikuhitajika.

"Tujaribu," alisema.

*

Kanuni ya Mrejeo, kama mtambo ule ulivyoitwa, ni nyepesi kuieleza na ngumu kuiamini. Hakuna kitu duniani kisichorudisha mwanga. Ukuta ni kioo kibaya, shati ni kioo kibaya zaidi, lakini vyote ni vioo. Mwanga ukigonga uso wa mtu huondoka na habari za uso huo, ukaenda kugonga dari, ukagonga sufuria, ukaingia kwenye kamera umechoka na kuchanganyika. Mafundi wa zamani waliuita uchafu. Walisawazisha rangi, waliinua giza, walilainisha ngozi, walifuta kila doa, wakaamini kwamba wameipamba picha. Mrejeo hufanya kinyume. Huuliza kila chembe ya mwanga imetoka wapi, kisha huirudisha kwa njia iliyojia.

Miaka ya mwanzo mtambo huu uliwatia watu aibu. Zilivunjika ndoa kwa sababu ya sura iliyofichuka ndani ya kijiko kilichong'aa mezani katika picha ya sikukuu. Ndipo ikaja Sheria ya Mwanga. Picha hufunguliwa kwa ruhusa ya aliyemo. Mwanga wa kweli hubaki na rangi yake. Lakini palipokosa mwanga mtambo hubahatisha, hujaza kwa kufananisha na nyuso nyingine elfu nyingi, na popote ulipobahatisha lazima paonekane buluu. Buluu hiyo huondolewa kwa njia moja tu: kidole gumba cha shahidi wa sura, mtu hai aliyemjua yule aliye pichani.

"Ruhusa ya mtoto ninayo, umekaa hapo," Gwamaka alisema. "Kwa mama yako tunahitaji ndugu. Nani amebaki?"

"Mama mdogo Tusekile. Yuko njiani. Nilimwambia tu kwamba tunatengeneza picha ya kigae."

"Basi nitaanza na paji la uso. Kabla hajafika sitavuka nyusi."

Alifungua fremu zote, yaani kila picha iliyopigwa siku ile. Zilikuwa nyingi, maana mpiga picha yule alihangaika. Katika nyingi mtoto hakutazama kamera. Aligeuza shingo, akainua uso juu, akalitazama shuka.

"Msumbufu ulikuwa tangu zamani," Gwamaka alisema.

"Wanafunzi wangu watakuambia bado."

"Usumbufu wako ndio bahati yako. Angalia." Alivuta fremu moja akaikuza mpaka shuka likajaa skrini, limechafuka kwa nukta za kijivu. "Hizi ni chengachenga. Kila kamera ya zamani inazo. Sasa angalia fremu ya pili. Chengachenga zimehama, zimekaa kwingine. Ya tatu, kwingine tena. Uongo haukai mahali pamoja. Lakini kitu kilichokuwapo kweli kimekaa palepale katika zote. Ukizipanga fremu moja juu ya nyingine, chengachenga zinauana zenyewe kwa zenyewe."

"Wastani," alisema mwalimu wa hesabu.

"Wastani. Na shuka lenyewe lilikuwa limechakaa kwa kufuliwa. Mwanga wa kamera ulipenya, ukagonga kilichokuwa nyuma yake, ukarudi kwa kupenya tena. Kidogo sana. Lakini faili ghafi halitupi kitu."

Alizungusha gurudumu dogo la shaba lililokuwa ubavuni mwa kisanduku.

Kwanza shuka lilipoteza weupe wake. Likawa kijivu, kisha rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, kisha likaanza kuonyesha ndani, kama mto asubuhi kabla watu hawajautibua. Nyuzi zake zikatokea moja moja, kila uzi na kivuli chake. Halafu nyuzi nazo zikaondoka. Na mahali pale, juu ya kichwa cha mtoto, palipokuwa hapana kitu kwa zaidi ya miaka hamsini, likaja paji la uso.

Lilikuwa pana, lenye jasho kidogo. Nywele zilianzia mbali, zimesukwa kuelekea nyuma, na mstari mmoja wa msuko ulikuwa umepinda. Mtu alikuwa amesukwa kwa haraka siku ile.

Gwamaka aliondoa mkono kwenye gurudumu. Kazi hii alikuwa ameifanya nusu ya umri wake, na bado vinyweleo vya mikono vilimsimama. Alikuwa amewahi kusoma kwamba mwanga wa nyota husafiri miaka mingi kabla ya kutufikia. Huu hapa ulisafiri nusu karne bila kutoka Tukuyu.

Subilaga alikuwa amejishika paji la uso wake mwenyewe, kwa kiganja chote, kama anayepima homa.

*

Tusekile aliingia akikung'uta mwavuli.

"Gari limenishusha kwenye dimbwi," alisema. "Na lenyewe halina dereva, sasa nimtukane nani? Wewe ndiye fundi Gwamaka?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu."

"Nina neno na wewe. Ni wewe uliyemvalisha shemeji yangu suti kwenye picha ya msiba?"

"Familia waliomba."

"Yule mtu hakuvaa suti maisha yake yote. Kanzu ya kanisani ilikuwa inamwasha! Watu wamefika msibani wanaulizana, jamani tunazika nani leo, mbunge? Na tai ukamwekea."

"Tai waliomba pia."

"Nyekundu!"

Gwamaka alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Alimvutia kiti. Tusekile alikuwa mdogo wa Lugano. Wakati wa picha ile alikuwa msichana wa sekondari, sasa alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti iliyozoea kusikika barazani. Alikaa, akapangusa miwani, akaivaa, akatazama skrini.

Sauti ile ikakatika.

"Mfunike," alisema.

"Mama mdogo, bado hata hajafika kwenye nyusi—"

"Nimemwona. Huo msuko nilisuka mimi. Fundi, mfunike dada yangu."

Gwamaka alirudisha gurudumu. Shuka likarudi, jeupe, limetulia. Tusekile aliendelea kulitazama, na alipoanza kusema alisema akilitazama hilohilo.

"Alivimba taya akiwa na mimba yako, Subi. Ule uvimbe ukamvuta uso wote upande mmoja. Hospitali wakasema dawa kali zisubiri mpaka azae. Akasubiri. Sasa kuna watu wakachukua picha yake ya kipaimara, alikuwa mzuri, mwe, alikuwa mzuri! Kisha wakamvizia sokoni wakampiga nyingine. Wakazibandika pamoja. Kabla, baada. Ikazunguka kwenye simu mpaka Kyela. Mpaka wasiomjua walimcheka."

"Hukuniambia," Subilaga alisema.

"Ningekuambia nini? Alifuta simu yake. Akapita nyumba kwa nyumba za ndugu, akakusanya albamu, akazichoma jikoni. Siku ya studio mpiga picha alimwambia, mama, inatosha nikufunike mabega. Akasema hapana, nifunike nzima. Ndipo akaniambia, Tuse, mwanangu akikua asije akanijua kwa uso huu. Nikamwambia sawa. Ndilo neno nililomwahidi, na sijamwahidi jingine."

Kioo cha dirisha kilijifuta.

"Lakini kigae kisikae kitupu," Tusekile aliendelea, sasa kwa sauti ya mtu anayepanga mambo. "Mimi namkumbuka kabla ya ule uvimbe. Fundi aweke uso, mimi nimwambie. Pua hivi, midomo hivi. Halafu naweka kidole changu, buluu inaondoka. Si sheria inaruhusu?"

"Inaruhusu," Gwamaka alisema.

Na hapo ndipo penye tatizo, maana iliruhusu kweli. Angeweza kumaliza kabla ya jioni. Kingetoka kigae kizuri, chenye muhuri, kisicho na doa la buluu, na ukoo mzima ungelia kwa furaha. Lakini alikuwa amewaona mashahidi wengi katika kiti kile. Walianza kwa kumweleza marehemu, wakamaliza kwa kujieleza wenyewe. Kila aliposogeza pua kama walivyotaka, ilisogea kuelekea pua ya aliyekuwa akisema. Subilaga angeomba kwa uso ule, angewaonyesha wajukuu, na uso wenyewe usingekuwa wa mtu yeyote aliyewahi kuvuta pumzi.

"Huo uso utakuwa mzuri, mama mdogo?" Subilaga aliuliza.

"Mzuri sana."

"Na mimi sikuwahi kuuona."

"Ungeuonea wapi, ulikuwa hujazaliwa."

"Ndiyo maana yangu. Miezi sita nilinyonya nikitazama uso gani?"

Tusekile alirekebisha miwani.

"Aliogopa nisije nikamjua kwa uso ule," Subilaga alisema. Aliinuka akaweka kidole kwenye skrini, kwenye moja ya zile fremu mbovu, pale mtoto alipogeuza shingo. "Nilikuwa nimeshamjua. Ona. Kamera inaniita, mpiga picha anapiga makofi, wewe labda ulikuwa unatikisa funguo. Na mimi natafuta huku. Huko nyuma ya shuka kulikuwa na uso mmoja tu niliokuwa naujua duniani, nao ndio huo."

Mama mdogo alivua miwani.

"Usinifanyie hesabu, Subi. Ahadi ni ahadi."

"Kaka Gwamaka," Subilaga alimgeukia, "wewe ndiye umeshika gurudumu. Mfungue."

Gwamaka aliitazama mikono yake. Mwenye uso alisema hapana. Aliyetoka tumboni mwake alisema ndiyo. Sheria ilikuwa na jibu, lakini lilikuwa jibu la uongo mzuri.

"Mimi namwogopa yule mtu wa sokoni," alisema polepole. "Yule aliyemvizia. Nikizungusha hapa, mimi na yeye tofauti yetu nini? Yeye alikuwa na simu, mimi nina mtambo bora zaidi."

"Si mtambo ufungue wenyewe? Ninyi mtoke, nibaki mimi peke yangu."

"Mtambo hauachwi peke yake. Mwanga ukipungua unaanza kubahatisha, na ukiachwa unabahatisha mpaka mwisho. Buluu inaanza nyembamba kama ukungu. Wewe humjui, hutajua wapi kweli imeishia. Lazima akae mtu anayejua, aukatize kila unapotaka kujaza."

"Mtu anayejua uso," Subilaga alisema.

"Mtu anayejua uso."

Wote wawili walimtazama Tusekile.

"Msinitazame hivyo," alisema. "Mimi hata simu ya mjukuu naishika kichwa chini."

"Wewe hutakuwa umemvizia, mama," Gwamaka alisema. "Uso huo ulimwosha, ulimlisha. Hakuna kitu cha dada yako utakachokiona ambacho alikuficha wewe. Ukimaliza, umwite Subilaga au usimwite. Uamuzi ukae kwako uliyeahidi. Mimi natoka."

"Ukitoka nani atanifundisha?"

"Nakufundisha sasa. Gurudumu kwenda mbele, anafunguka. Kurudi nyuma, anafunikwa. Ukiona buluu, hata kidogo, bonyeza hapa kwa kidole, mtambo utaiacha sehemu hiyo tupu. Usimpambe. Hata roho ikikuuma, usimpambe."

"Hata taya?"

"Hata taya."

Tusekile alikunja mikono ya sweta mpaka viwikoni, kama anayejiandaa kusuka, akalishika gurudumu.

*

Gwamaka alikaa barazani, mgongo kwenye kioo. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya mashamba ya chai. Subilaga alisimama kando yake bila kukaa. Ndani ilisikika sauti ya kisanduku, ndogo, kama pumzi ya mtu aliyelala.

"Wewe buluu, toka hapo," walimsikia Tusekile akisema. "Toka. Hakuwa na kidevu cha namna hiyo. Nimesema toka."

Gurudumu la shaba lilisikika likizunguka.

"Haya. Hapo sawa. Ndiyo. Ndivyo lilivyokuwa. Pole, dada."

Subilaga alishika nguzo ya baraza. Gwamaka alijilazimisha kutazama majani ya chai. Kioo cha nyuma yake kilikuwa karibu kiasi kwamba angegeuza shingo kidogo tu angeona. Hakugeuza. Maisha yake yote alikuwa ametazama kila kitu kilichopita mikononi mwake, na sasa alishangaa jinsi kutotazama kulivyokuwa kazi nzito.

Ghafla ndani kilisikika kicheko. Si cha kawaida. Kilianza kama kilio kikapotea njia.

"Subi! Subi, njoo! Mjinga huyu! Njoo umwone mama yako!"

Subilaga aliingia mbio.

"Anakutolea ulimi!" Tusekile alikuwa akipiga kelele. "Ona, fremu hii kautoa, hii kaurudisha, hii kautoa tena! Na hilo taya lake! Mimi nimesimama pale pembeni nimeshika kanga yake, nalia hata sioni, najua dada yangu ananiaga ndani ya hilo shuka. Kumbe yeye anacheza na mtoto! Anacheza! Ndiyo maana hukutulia, ni yeye alikuwa anakuchokoza!"

Baada ya hapo Gwamaka hakusikia maneno. Alisikia wanawake wawili wakicheka na kulia kwa pamoja, na alijikuta ameshika kofia yake mikononi bila kukumbuka alipoivua. Aliwaza juu ya mambo yote ambayo mafundi wa dunia wamefuta kwa kusafisha. Aliwaza pia kwamba hapangetokea shahidi, hata awe mwaminifu namna gani, ambaye angemwambia aweke ulimi ule. Hakuna aliyeujua. Tusekile alikuwapo chumbani asiujue. Ulijulikana kwa shuka na mwanga tu, navyo vilikaa nao miaka yote hiyo bila kuongeza wala kupunguza.

Subilaga alitoka. Macho yalikuwa mekundu, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Gwamaka hakuwahi kukiona hapo awali, ingawa alikuwa amemsafishia picha nyingi.

"Nitamweka kwenye kigae," alisema.

"Hivyo alivyo?"

"Hivyo alivyo. Na ulimi wake."

"Mama mdogo anasemaje?"

"Anasema asiyetaka kumwona apitie njia ya juu." Alipangusa pua. "Kuna mahali mwanga haukufika. Jicho moja, na shavu mpaka karibu na sikio."

"Ningeweza kujaza kidogo, kwa adabu, buluu ikabaki hafifu."

"Pabaki patupu."

"Kigae kitakuwa na pengo, dada Subi. Watu watauliza."

"Watajibiwa kwamba hapo hatujui."

Gwamaka alitikisa kichwa kukubali. Ilibaki jambo moja, na lilimwia gumu kulisema.

"Kuichoma picha juu ya kigae lazima nisawazishe kivuli na mwanga kwa macho yangu. Nitahitaji kumtazama."

Subilaga aligeukia mlangoni. Tusekile alikuwa amesikia.

"Aingie," alisema kutoka ndani. "Ila aingie kama mtu anayeingia kwa watu. Asiingie kama fundi."

Gwamaka alipangusa viatu kwenye mkeka, ingawa studio ilikuwa yake. Alisimama kizingitini, kofia kifuani, macho chini. Mvi zake zilikuwa nyeupe kichwani kote, na mwanamke aliyekuwa kwenye skrini hakuwa amefikisha miaka ishirini na tatu.

"Shikamoo, mama," alisema.

Akasubiri kidogo, kama adabu inavyotaka. Kisha akainua macho.